Habari za Namba Iliyodhaniwa Kuwa Tasa

Namba 147,573,952,589,676,412,927 ina tarakimu ishirini na moja, na kwa kuitazama tu haina lolote la kuitofautisha na namba nyingine kubwa. Hata hivyo ina historia yake. Kwa muda wa miaka 232, tangu 1644 hata 1876, ilikuwamo katika orodha mashuhuri ya namba zilizosemwa kuwa tasa, yaani namba zisizogawanyika kwa namba yoyote ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwaka 1876 ikathibitishwa kwamba haikustahili kuwamo, lakini aliyethibitisha hakuweza kutaja hata kigawo chake kimoja. Vigawo vyenyewe havikupatikana mpaka 1903. Hivyo namba moja ilipita katika hali tatu: kwanza ilisemwa, pili ilikanushwa, tatu ilionyeshwa. Habari za hali hizo tatu zawahusu watu wa hesabu, lakini zawahusu pia watu wa lugha, kwa sababu zote zategemea maana ya neno moja, na Kiswahili kilipolitafutia neno hilo mahali pake kilishika njia ambayo lugha nyingi za elimu hazikuishika.

Yafaa kwanza ieleweke namba hii imetokana na nini. Mtu akianza na 1, akazidisha kwa 2, akapata 2, kisha 4, kisha 8, kisha 16, akaendelea hivyo mpaka awe amezidisha mara 67, atafikia 147,573,952,589,676,412,928. Akitoa 1 atapata namba yetu hii. Kwa maandishi ya hesabu huandikwa 2⁶⁷ − 1. Hesabu ya kuzidisha mara mbili mbili ni ya kale sana, na hadithi yake mashuhuri ni ile ya ubao wa sataranji: punje moja katika nyumba ya kwanza, mbili katika ya pili, nne katika ya tatu, na kadhalika mpaka nyumba ya 64. Al-Biruni, mtaalamu wa Khwarizm aliyezaliwa mwaka 973, aliihesabu jumla ya punje hizo akapata 18,446,744,073,709,551,615, nayo ndiyo 2⁶⁴ − 1. Basi namba inayozungumzwa hapa ni jumla ya ubao ulioongezwa nyumba tatu tu.

Kuitamka namba hiyo kwa Kiswahili si kazi nyepesi, na sababu yake yapatikana katika historia ya lugha yenyewe. Majina ya namba kubwa yalikuja pwani pamoja na biashara: mia na elfu yametoka Uarabuni, laki imetoka Bara Hindi, milioni imetoka Ulaya. Mfanya biashara wa pwani hakuhitaji jina la kitu kilichozidi sana laki, kwa kuwa hapakuwa na bidhaa ya kuhesabiwa hivyo. Hata hivyo lugha haikukosa uwezo. Laki ikizidishwa kwa laki, kisha kwa laki, kisha kwa laki tena, hupatikana 1 yenye sifuri ishirini nyuma yake. Na namba hii ni kiasi hicho pamoja na karibu nusu yake. Kukosa jina la namba si kukosa namba. Shida iliyo kubwa zaidi ni ya majina ya aina za namba, maana jina la aina hubeba hukumu ndani yake.

Aina za kwanza ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa ni shufwa na witiri. Shufwa ni namba inayogawanyika kwa 2 bila ya baki, na witiri ni ile isiyogawanyika hivyo. Maneno yote mawili ni ya Kiarabu, nayo yametajwa pamoja katika mwanzo wa Surat al-Fajr. Na hilo la pili lajulikana na kila Mwislamu wa pwani kwa sababu ya sala ya witiri. Baada ya hayo huja namba tasa: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na nyinginezo zisizo na mwisho. Neno tasa si la madarasa. Ni neno la nyumbani na la zizini, linalotajwa kwa mwanamke au mnyama asiyezaa. Wayunani waliiita namba ya aina hiyo protos, Warumi wakaiita primus, Waarabu wakaiita awwal, na maneno yote matatu maana yake ni moja: ya kwanza. Lugha za Ulaya zilifuata njia hiyo hiyo. Kiswahili hakikufasiri neno hilo, bali kiliitazama namba kwa upande mwingine, kikasema kwamba haizai. Tofauti hiyo itarudiwa mwishoni, baada ya kuonekana lililotokea kwa namba iliyoitwa tasa nayo haikuwa tasa.

Sababu ya watu kuzitafuta namba za namna ya 2 iliyozidishwa yenyewe kisha ikatolewa 1 ni jambo lililoshughulisha Wayunani wa kale, nalo ni namba kamilifu. Namba kamilifu, ambayo isichanganywe na namba kamili ya vitabu vya shule, ni ile iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6. Vigawo vya 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28. Nicomachus wa Gerasa, mji ambao sasa waitwa Jerash katika nchi ya Jordan, aliandika karibu na mwaka 100 akazigawa namba katika mafungu matatu: zilizopungua, ambazo jumla ya vigawo vyake haifiki namba yenyewe, zilizozidi, ambazo jumla yake hupita, na kamilifu, ambazo ni chache mno. Yeye alizijua nne: 6, 28, 496 na 8,128. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad na Thabit ibn Qurra, aliyefariki mwaka 901, na kwa njia hiyo mafungu hayo matatu yakawa mali ya elimu ya Kiislamu pia.

Kabla ya Nicomachus, karibu na mwaka 300 kabla ya kuzaliwa Kristo, Euclid wa Iskandaria alikwisha kutoa kanuni. Katika kitabu cha tisa cha Elementa alithibitisha kwamba, ukijumlisha 1, 2, 4, 8 na kuendelea, na jumla hiyo ikawa namba tasa, basi jumla hiyo ikizidishwa kwa namba ya mwisho iliyojumlishwa itatoa namba kamilifu. Mathalan 1 na 2 na 4 ni 7. 7 ni tasa. 7 mara 4 ni 28. Kanuni hiyo ni ya hakika, lakini ina sharti ndani yake: jumla lazima iwe tasa. Anayetaka namba kamilifu mpya hana budi kwanza kuijua hali ya namba ya namna ya 2 kwa kipeo fulani, iliyotolewa 1. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu.

Mapema ilijulikana kwamba kipeo chenyewe kisipokuwa tasa, namba haiwezi kuwa tasa. Kipeo 4 hutoa 15, ambayo ni 3 mara 5. Kipeo 6 hutoa 63, inayogawanyika kwa 3 na kwa 7. Kwa vipeo vilivyo tasa mwanzo wake hutia moyo: 2 hutoa 3, 3 hutoa 7, 5 hutoa 31, 7 hutoa 127, na zote ni tasa. Yeyote angeweza kudhani kwamba hali itaendelea hivyo daima. Lakini mwaka 1536 Hudalricus Regius alionyesha kwamba kipeo 11 hutoa 2,047, na 2,047 ni 23 mara 89. Baadaye Pietro Cataldi wa Bologna, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1603, alithibitisha kwa kujaribu vigawo kimoja kimoja kwamba vipeo 17 na 19 hutoa namba tasa; kisha akasema kwamba 23, 29, 31 na 37 navyo ni hivyo. Mwaka 1640 Pierre de Fermat alivipinga viwili kati ya hivyo. Namba ya kipeo 23, yaani 8,388,607, ni 47 mara 178,481. Na ile ya kipeo 37 yagawanyika kwa 223. Leonhard Euler akaipinga ile ya kipeo 29 mwaka 1738, kisha mwaka 1772 akathibitisha kwamba ya kipeo 31, yaani 2,147,483,647, ni tasa kweli. Katika vipeo vinne alivyovitaja Cataldi bila ya uthibitisho, kimoja tu kilisimama.

Kati ya Fermat na Euler yuko mtu ambaye jina lake limebaki juu ya namba hizi zote. Marin Mersenne alikuwa padri Mfaransa wa shirika la Minimi, aliyezaliwa 1588 na kufariki 1648. Chumba chake cha utawa katika Paris kilikuwa kama posta ya wataalamu wa Ulaya: waliandikiana kwa kupitia kwake, na jambo lililomfikia yeye lilikuwa limewafikia wengi. Mwaka 1644 alitoa kitabu kiitwacho Cogitata Physico-Mathematica, na katika dibaji yake alitaja vipeo ambavyo hutoa namba tasa mpaka kufikia 257: navyo ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Hakueleza alivyovipata. Tena yeye mwenyewe alikiri kwamba kuijua namba ya tarakimu 15 au 20 kama ni tasa au si tasa ni kazi ambayo muda wote wa dunia hautoshi. Namba ya kipeo 67 ina tarakimu 21.

Hapa pana jambo la kuangaliwa na kila mtafiti. Orodha ya Mersenne haikukubaliwa kwa kuwa ilithibitishwa, bali kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuikanusha, na kwa kuwa mwenyewe alikuwa mtu wa heshima aliyejua mengi. Euler alipoithibitisha ya kipeo 31, imani katika orodha yote ilizidi, kana kwamba kweli ya mahali pamoja ni dhamana ya mahali pengine. Kadiri namba ilivyokuwa kubwa, ndivyo maneno juu yake yalivyokuwa salama, kwa sababu hapakuwa na wa kuyapima.

Ugumu wa kuyapima waweza kuonekana kwa hesabu ndogo. Yajulikana kwamba kila kigawo tasa cha 2⁶⁷ − 1, kikigawanywa kwa 134, hubakiza 1; na kikigawanywa kwa 8, hubakiza 1 au 7. Masharti hayo mawili huondoa namba nyingi sana zisizofaa kujaribiwa. Hata hivyo, kigawo kidogo cha namba hii, ambacho sasa chajulikana kuwa 193,707,721, kimetanguliwa na namba nyingine zaidi ya 722,000 zinazotimiza masharti hayo hayo. Mtu anayejaribu namba mia kila siku, bila ya kuzichuja zaidi na bila ya siku ya kupumzika, hangekifikia kwa miaka kumi na tisa. Tena angekuwa anafanya kazi hiyo bila ya kujua kama kipo.

Zaidi ya hayo namba yenyewe hujificha. Fermat aliacha kanuni nyingine iliyo maarufu: namba witiri ikiwa tasa, basi 2 ikizidishwa yenyewe mara zilizo sawa na namba hiyo kasoro 1, kisha ikagawanywa kwa namba hiyo, baki litakuwa 1. Mtu aweza kuigeuza kanuni hiyo kuwa mtihani: likibaki 1, namba ni tasa. Lakini kuigeuza hivyo ni kosa. Mwaka 1819 Frédéric Sarrus alionyesha kwamba 341 hubakiza 1, ilhali ni 11 mara 31. Namba zote za namna ya Mersenne zenye kipeo tasa huupita mtihani huo, ziwe tasa au zisiwe. 2,047 huupita, na 2⁶⁷ − 1 huupita. Kwa hiyo mtihani uliokuwa mwepesi zaidi ulitoa ushahidi wa uongo, nao ulikubaliana na orodha ya padri.

Aliyeleta mtihani ulio imara ni Édouard Lucas, Mfaransa aliyezaliwa 1842 na kufariki 1891. Mwaka 1876 alitumia mfululizo wa namba kuzichunguza namba za Mersenne bila ya kutafuta vigawo vyake hata kidogo. Njia yake ilikamilishwa baadaye na D. H. Lehmer wa Marekani katika miaka ya 1930, na kwa sura hiyo iliyokamilishwa yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Huanzwa na 4. Hiyo huzidishwa yenyewe na kutolewa 2, hupatikana 14. Hiyo nayo huzidishwa yenyewe na kutolewa 2, hupatikana 194. Kila mara hugawanywa kwa namba inayochunguzwa na kubakizwa baki tu, ili hesabu isikue bila ya mpaka. Hatua ni pungufu ya kipeo kwa mbili. Mwisho wake ukiwa sifuri, namba ni tasa. Usipokuwa sifuri, si tasa. Kwa namba 31, ambayo kipeo chake ni 5, hatua ni tatu: 4 hutoa 14, 14 hutoa 194 ambayo hubakiza 8, na 8 hutoa 62 ambayo hubakiza sifuri. Kwa hiyo 31 ni tasa. Kwa namba ya kipeo 67 hatua ni 65 tu.

Kwa njia yake Lucas alithibitisha kwamba namba ya kipeo 127, yenye tarakimu 39, ni tasa kama alivyosema Mersenne. Nayo ilikaa miaka 75, mpaka 1951, ikiwa ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana. Juu ya kipeo 67 alipata matokeo ya kinyume: si tasa. Lakini alipoulizwa vigawo vyake hakuwa na la kujibu, na hilo halikuwa upungufu wake, bali ndiyo tabia ya njia yenyewe. Mfano wa 2,047 watosha kulibainisha. Mtu akianza na 4 na kwenda hatua tisa, atapita 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240 na 282, akamalizia 1,736. Kwa kuwa mwisho si sifuri, 2,047 si tasa, na hakuna shaka yoyote katika hukumu hiyo. Lakini 1,736 haisemi lolote juu ya 23 wala juu ya 89. Hukumu imetolewa na shahidi hakuonekana.

Hali hiyo ilidumu miaka 27. Aliyeimaliza ni Frank Nelson Cole, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyezaliwa 1861 na kufariki 1926. Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hesabu cha Marekani uliofanyika New York, ilikuwa zamu yake kusoma makala juu ya kutafuta vigawo vya namba kubwa. Yaliyotokea yalisimuliwa na E. T. Bell katika kitabu cha mwaka 1951, na yafaa yapokewe kama masimulizi. Cole, asema Bell, alikwenda ubaoni bila ya kutamka neno. Akaandika hesabu ya 2 kwa kipeo cha 67, kisha akatoa 1. Akahamia mahali pengine penye nafasi, akaandika 193,707,721 na chini yake 761,838,257,287, akazizidisha kwa mkono, tarakimu kwa tarakimu. Majibu mawili yakalingana. Akarudi kuketi, bado hajasema kitu, na waliohudhuria wakampigia makofi. Bell aongeza kwamba alipomuuliza baadaye kazi hiyo ilimchukua muda gani, Cole alijibu kwamba ilimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Masimulizi hayo yawe yametiwa chumvi au hayakutiwa, makala ya Cole ilichapishwa na chama hicho na namba zake mbili zaweza kupimwa na yeyote. Hakujaribu vigawo kimoja kimoja. Alizichunguza baki za namba zilizozidishwa zenyewe, akapunguza hatua kwa hatua mahali ambapo kigawo kingeweza kujificha. Lakini mtu anayetaka kuhakikisha jibu hana haja ya kuijua njia hiyo. Ahitaji kalamu, karatasi na subira ya saa moja. Kutafuta kulikuwa kazi ya miaka. Kuhakikisha ni kazi ya mwanafunzi wa darasa la chini. Ndiyo maana ukimya wake, kama kweli alinyamaza, haukuwa maringo. Hapakuwa na la kusemwa.

Sasa hali ya 147,573,952,589,676,412,927 yaweza kutajwa bila ya wasiwasi. Ni witiri. Si tasa, bali ni zao la namba tasa mbili, wala haina vigawo vingine zaidi ya hivyo viwili, 1 na yenyewe. Kwa mafungu ya Nicomachus imo katika zilizopungua, tena imepungua mno: 1 na 193,707,721 na 761,838,257,287 jumla yake ni 762,031,965,009, ambayo ni sehemu ndogo sana ya namba yenyewe. Ikiandikwa kwa hesabu ya tarakimu mbili, inayotumia 0 na 1 peke yake, huwa ni 1 zilizopangwa 67. Huupita mtihani wa 2 wa Fermat ingawa si tasa, kwa hiyo imo katika kundi la namba zinazojifanya tasa. Na namba kamilifu ambayo orodha ya Mersenne iliahidi kutokana nayo, kwa kanuni ya Euclid, haipo.

Orodha yenyewe hatimaye ilionekana kuwa na makosa matano. Vipeo 67 na 257 havikustahili kuwamo. Vipeo 61, 89 na 107 vilistahili naye hakuvitaja: cha kwanza kilithibitishwa mwaka 1883 na Ivan Pervushin, padri Mrusi, na viwili vilivyofuata vilithibitishwa na R. E. Powers wa Marekani mwaka 1911 na 1914. Kisha mashine zikaichukua kazi. Mwaka 1952 Raphael Robinson aliielekeza kompyuta iitwayo SWAC, huko California, ikapata vipeo vipya vitano katika mwaka huo mmoja. Tangu 1996 watu wa nchi nyingi wameshirikiana kutumia kompyuta zao katika mradi uitwao GIMPS, na mwezi wa Oktoba 2024 ilitangazwa namba ya kipeo 136,279,841, yenye tarakimu 41,024,320. Mtihani unaotumika kuihukumu kila namba ya mwisho ni ule ule wa Lucas na Lehmer.

Na ile tofauti iliyoonekana kati ya 1876 na 1903 haikutoweka kwa kuja kwa mashine. Mwaka 2002 wataalamu watatu wa Kanpur katika India, Agrawal, Kayal na Saxena, walithibitisha kwamba namba yoyote yaweza kuhukumiwa kuwa tasa au si tasa kwa muda usiokua kupita kiasi tarakimu zinapoongezeka. Njia ya namna hiyo kwa kazi ya kutafuta vigawo kwa kompyuta za kawaida haijapatikana. Tangu 1977 maandishi ya siri ya namna ya RSA, yanayolinda barua na fedha zinazopita katika mitambo, yamesimama juu ya tofauti hiyo: ni rahisi kupata namba tasa mbili kubwa na kuzizidisha, na ni vigumu kwa mwingine kuzirudisha zilikotoka.

Yabaki neno tasa. Mtaalamu wa lugha aweza kulilaumu, na lawama yake ina msingi. Wayunani waliziita namba hizi za kwanza kwa sababu nyingine zote zatokana nazo: kila namba iliyozidi 1, isipokuwa yenyewe ni tasa, huundwa kwa kuzidisha namba tasa, tena kwa namna moja tu. Kwa upande wa kuzidisha, basi, zinazoitwa tasa ndizo wazazi wa namba zote, na jina limegeuza ukoo juu chini. Mwanafunzi anayelichukua neno kama lilivyo nyumbani aweza kudhani kwamba 193,707,721 ni kitu kisichozaa, ilhali ndiyo mmoja wa wazazi wawili wa namba iliyowasumbua watu miaka 259.

Lakini lawama hiyo haitoshi kuliondoa neno. Awwal na primus hueleza cheo cha namba, na cheo mtu aweza kupewa kwa kutajwa tu, kama Mersenne alivyotaja. Tasa hueleza jambo linalokanwa: kwamba hakuna kilichotoka wala kitakachotoka namba inapogawanywa. Kila Mswahili ajua uzito wa kumtaja mtu kwa neno hilo, na ajua kwamba kukaa miaka mingi bila ya mtoto si uthibitisho, na kwamba mtoto mmoja akionekana maneno yamekwisha. Huo ndio mpango wa ushahidi katika habari hii yote. Miaka 232 ya kutoonekana kigawo haikuthibitisha lolote. Lucas alithibitisha kwamba kipo, na waliomfuata wakaendelea kukitafuta. Cole alikileta, na majadiliano hayakurudi tena.

Kwa sababu hiyo waandishi wa vitabu vya hesabu kwa Kiswahili hawana haja ya kuliacha neno lililokwisha kuzoeleka. Wanachopaswa kufanya ni kulieleza kwa upande wake: namba ni tasa katika kugawanywa, wala si katika kuzidisha. Tena yafaa wamfundishe mwanafunzi kwamba neno hilo ni hukumu, na kwamba hukumu hiyo hudai uthibitisho wake kila inapotamkwa juu ya namba mpya, hata kama anayeitamka ni mtu wa heshima na namba yenyewe ni kubwa kiasi cha kumchosha anayetaka kuuliza.